Chumvi Kiasi

Teklė,
barua yako imefika na mihuri yake ya Chicago,
imekunjwa mara nne, inanukia sabuni ya mkobani,
na supu umeiandika kwa vikombe.
Vikombe vitatu vya uyoga mbichi.
Vitatu!
Kana kwamba uyoga ni maziwa,
ukiumimina unatulia na kujisawazisha wenyewe.

Mimi huku nina mizani tu, ile ya mama,
ya chuma, rangi ya kijani iliyobanduka,
mshale wake hutetemeka kwanza
ndipo useme kweli.

Basi nimeingia msituni kabla jua halijagusa misonobari,
nimerudi na ndoo ya uyoga wa manjano,
ule wenye umbo la tarumbeta.
Nikajaza bilauri, mzima mzima, bila kukata:
gramu arobaini na tano.
Nikacheka peke yangu jikoni.
Nilikuwa nimepima hewa, dada,
kila tarumbeta imebana pumzi yake
na pumzi haina uzito wa kuuza.

Nikaukata vipande: sitini.
Nikaukatakata hadi kisu kikachoka,
nikaushindilia kwa kidole gumba: themanini na kitu.
Bilauri ni ile ile. Msitu ni ule ule.
Wanasema haba na haba hujaza kibaba,
hawasemi kibaba kimejaa nini.

Vaclovas alipita kuazima ngazi.
Miaka ishirini amenunua uyoga kando ya barabara ya Varėna,
kwa kilo, akiwapunja wajane kidogo na watoto zaidi.
Akatazama meza yangu, akanusa, akasema:
“Umeupima na umande wake.
Asubuhi mtu hununua mvua,
jioni ndipo anunue uyoga.”
Akaondoka na ngazi. Hajairudisha.

Nikauanika juu ya gazeti hadi saa tisa.
Nikapima tena. Mshale ulishuka
kama mtu aliyekumbuka deni.

Ndipo nikakupigia simu, kwako kukiwa bado asubuhi,
nikakuuliza kikombe chako kinabeba kiasi gani,
mililita ngapi, wakia ngapi, sema namba yoyote.
Ukanyamaza. Kisha ukasema:
“Si kile cha bluu. Kilichovunjika mkono.”

Kile cha bluu.
Kwa hiyo ni wewe.
Mwaka ule wa foleni na mifuko tuliugeuza nyumba nzima,
mama akamshuku hata padri,
nacho kilikuwa kimevuka bahari ndani ya soksi yako.

Mwenzake yuko hapa dirishani, ameshika vifungo.
Nimevimwaga mezani, vimekimbilia chini ya kabati,
kimoja ni cha koti la baba, nimekiacha huko huko.
Nikakijaza kikombe uyoga uliokatwa, umekauka umande,
bila kushindilia, bila kutikisa,
kama mama alivyokijaza: kwa haraka, akitazama kwingine.

Themanini na nane.
Nimeandika pembeni mwa barua yako kwa penseli:
*kikombe cha bluu, vipande, gramu 88;
mara tatu, 264.*
Halafu nimefuta ile nne.
Nani atamkimbiza uyoga mmoja nyuma ya nne?

Sufuriani ulitoa maji yake yote,
ukalia, ukanywea, ukabaki kiganja kimoja cheusi,
na gramu zangu zikapanda na mvuke
zikalowesha kioo cha dirisha.
Sikupima tena. Nilikuwa na njaa.

Supu imekuwa nzuri, ila chumvi imezidi.
Nimerudi kwenye barua kutafuta kosa langu.
Uyoga umehesabu, viazi umehesabu,
hata bizari umeandika vijiti saba.
Penye chumvi umeandika neno moja: *kiasi*.

Kiasi cha vidole vya nani, Teklė?
Vyako, au vya mama?
Nijibu kwa barua. Simu ni ghali,
na vifungo bado naviokota.